Chombo Hupimwa kwa Pepo Zote

Msemo wa Kiingereza "by and large", unaopendwa katika ripoti za kiofisi kwa maana ya "kwa ujumla", ulizaliwa baharini. Tunaukuta katika kitabu cha ubaharia cha Samuel Sturmy cha mwaka 1669. "By" ilikuwa kwenda joshi, yaani kuukabili upepo kadiri tanga linavyoruhusu. "Large" ilikuwa kwenda na upepo. Chombo kilichosifiwa hivyo kilikwisha kujaribiwa katika hali zote mbili. Leo msemo huohuo hutumika kuzipita kasoro juujuu. Kiswahili nacho kilichota baharini: kilichokwenda mrama kwanza kilikuwa chombo. Basi anayetuambia kwamba mradi umefaulu "kwa ujumla" aulizwe: upepo ulipogeuka, ulikwendaje?