Mkono wa Mjomba

Pale kwetu Rwamgasa neno kiroba lilikuwa na maana mbili. Kiroba cha kwanza kilibeba mawe kutoka duarani kwenda karashani. Cha pili kilikuwa kipakiti cha pombe kali kinachoenea mfuko wa shati. Mjomba wangu aliishi na vyote viwili, na sote tuliamini hicho cha pili ndicho kilichomtetemesha mkono.

Kazi yake ilikuwa kuchoma dhahabu. Mchanga ukishaoshwa mwaloni, aliuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu, akakamua kwenye kitambaa, kisha akaliweka donge juu ya mkaa. Zebaki ilipanda kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, ukafika kwenye damu, figo na ubongo.

Asubuhi alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Kaka, pombe itakuua," mama alimwambia.

"Nikinywa unatulia, dada."

Sisi watoto tulimwigiza na kucheka.

Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, watafiti waliwapima watu wa Rwamgasa damu, mkojo na nywele. Waliwataka pia waguse pua kwa kidole na kutembea kwenye mstari. Kati ya wachomaji 99, takriban robo walikutwa na sumu ya zebaki iliyokwisha kuwa sugu. Nilisoma habari hiyo nikiwa chuoni, mjomba akiwa tayari kaburini. Dalili zilikuwa kutetemeka, kuyumba, kukosa usingizi, hasira za ghafla. Hayo ndiyo tuliyoyaita ulevi.

Hatukuwa wa kwanza kuiona mikono hiyo. Kule Danbury, Marekani, watengeneza kofia walitumia zebaki kulainisha manyoya, wakatetemeka hadi mtetemeko wenyewe ukapewa jina la mji. Jimbo lao, Connecticut, liliipiga marufuku kazini mwaka 1941.

Sisemi mjomba hakuwa mlevi. Mkono unaotetemeka asubuhi na kutulia baada ya funda la kwanza ni dalili ya mwili uliokwisha kuwa mtumwa wa pombe. Viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, hakuacha. Alihamia gongo, ambayo hakuna anayepima ukali wake. Ukishuka duarani au ukisimama kwenye karasha huku umelewa, kosa moja linatosha.

Lakini sumu mbili zinaweza kukaa katika mkono mmoja, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Ilihitajika chupa ndogo ya mkojo na mtu wa kuuliza, "Unafanya kazi gani?" Hatukuuliza. Tulikuwa na neno moja, mlevi, na baada ya neno hilo hakuna aliyeona haja ya kumpeleka hospitali.

Bado sijui ni ipi iliyomuua. Mama naye hajui, lakini siku hizi mtu akimtaja kaka yake kuwa mlevi, huinuka na kwenda zake.