Hita Plagi na Kipupwe cha Ufipa

Juni na Julai, Land Cruiser ya dizeli iliyolala nje mjini Sumbawanga, kwenye nyanda za juu za Ufipa, huweza kumtesa dereva alfajiri. Stata inazunguka, bomba linatoa moshi mweupe, injini haishiki. Gari hilohilo likilala Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi linawaka mara moja. Fundi akiyasikia maelezo hayo mawili, nusu ya jibu anayo. Kasanga iko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga inakaribia 1,800, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Wa kushukiwa kwanza ni hita plagi.

Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, aliyepata hataza yake Ujerumani mwaka 1893, alitegemea jambo moja: hewa ikibanwa sana hupata joto la kutosha kuwasha mafuta yanayopuliziwa ndani yake. Katika injini ya Toyota 1HZ ya silinda sita, iliyozoeleka kwenye Land Cruiser, hewa hubanwa hadi kubaki sehemu moja tu ya ishirini na mbili ya ujazo wake. Asubuhi ya baridi hesabu hiyo huharibika. Hewa inaingia ikiwa baridi, chuma cha silinda kinanyonya joto, na betri iliyopoa inaizungusha stata polepole, hivyo joto linapata muda wa kutoroka. Juu ya hayo, shinikizo la hewa Sumbawanga ni kama asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam. Hapo ndipo hita plagi inapofanya kazi: ncha yake, iliyochomoza ndani ya chumba kidogo cha mwako, hupata umeme wa betri na kufikia nyuzi 800 au zaidi kabla stata haijapigwa.

Kwa hiyo kifaa hiki hakiwashi, kinapasha. Neno “plagi” likisemwa peke yake linachanganya vitu viwili: plagi ya cheche ya gari la petroli, inayofanya kazi muda wote injini inapozunguka, na hii ya dizeli, ambayo kazi yake kubwa huisha injini ikishapata moto. Anayetaka kuunda jina la Kiswahili chenyewe angeweza kukimbilia “kipashio”, lakini neno hilo wanaisimu wameshalichukua: kwao kipashio ni sehemu ya lugha, kama silabi au neno. “Plagi ya moto” nayo haitofautishi kitu, maana zote mbili zina moto. Kitabu cha kufundishia kingefaa kuandika “plagi ya kupasha”, sambamba na “plagi ya cheche”. Gereji na dukani “hita plagi” ibaki. Inaeleweka, na inataja kazi ya kifaa.

Jina likikaa sawa, uchunguzi unakwenda haraka. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika kwenye silinda bila kuungua. Joto ndilo lililokosekana. Moshi usipotoka kabisa, huenda mafuta hayafiki: chujio limeziba, au hewa imeingia kwenye mipira ya dizeli. Stata ikivuta kwa uchovu, tazama betri, vichwa vyake vyenye ukungu wa kijani, na waya wa kwenda bodi. Tazama na oili pia. Katika 15W-40, namba iliyo kabla ya W ndiyo inayohusu baridi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyobaki nyepesi alfajiri. Gari likiwaka huku likitetemeka, kisha likatulia baada ya dakika moja, pengine plagi moja au mbili zimekufa na nyingine zinabeba mzigo.

Kuzipima si kazi ya kompyuta. Fundi anafungua ukanda wa chuma unaoziunganisha, kisha anapima kila moja kwa mita. Nzima huonyesha ukinzani mdogo, kwa kawaida chini ya omu mbili. Iliyokatika haipitishi umeme kabisa. Zote zikiwa nzima na gari bado linagoma, aangalie kama umeme unazifikia: fyuzi, rilei, waya. Wengi hununua plagi sita mpya wakati ugonjwa uko kwenye rilei moja.

Kuna pia njia ya mkato ya hatari: kupulizia dawa yenye etha kwenye mdomo wa hewa. Etha ikikutana na ncha ya plagi inayowaka hulipuka kabla ya wakati, na inaweza kuvunja pistoni. Jiko la mkaa chini ya sampu ya oili lisifikiriwe hata kidogo.

Dereva anayekwenda dukani ataje aina ya injini, na alinganishe volti zilizochapwa kwenye plagi ya zamani na ile mpya. Zipo za volti 12 na zipo za volti chini ya hapo, hata kwa magari ya kampuni moja, na ya volti ndogo ikipewa umeme wote wa betri huungua, ncha yake ikavimba na kugoma kutoka. Na kila asubuhi, ile taa ya njano yenye alama ya waya uliojikunja ikiwaka, asubiri izime ndipo apige stata.