Kirsty MacColl: kalamu yake, jina la mwingine

Mwaka 1983 mchekeshaji wa Uingereza, Tracey Ullman, aliingia studio kurekodi They Don't Know. Kazi ilikwenda vizuri hadi mahali pamoja, pale ala zinapopumua na neno moja tu linapandishwa juu sana kabla ya kuimba kuendelea. Ullman hakulifikia. Mtunzi alikuwa hapohapo akiitikia, basi akaliimba yeye. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 2 Uingereza na kuingia kumi bora Marekani. Jina kwenye jalada lilikuwa la Ullman.

Mtunzi huyo ni Kirsty MacColl, na wimbo alikuwa ameshautoa mwenyewe mwaka 1979, akiwa na miaka 19, chini ya kampuni ya Stiff. Redio ziliupiga kweli, ila wasambazaji wa santuri wakagoma. Mtu anausikia asubuhi, anakwenda dukani, haupo. Chati za wakati huo zilihesabu mauzo, kwa hiyo haukuingia.

Mikusanyiko ya vibao kwa kawaida siipendi. Mingi ni kampuni kuuza mara ya pili kilichokwisha kuuzwa. Galore, mkusanyiko wa MacColl wa mwaka 1995, naitoa katika kundi hilo. Nyimbo za MacColl zilikuwa zimetapakaa kwenye kampuni mbalimbali, nyingine zikiwa santuri ndogo tu zisizo na albamu. Nyimbo 18 zilipowekwa pamoja, watu waligundua kwamba walikuwa wakimsikia miaka yote bila kumjua. Albamu ikafika nafasi ya 6 Uingereza.

Tena ukiisikiliza kwa mpangilio unaona kichekesho cha maisha yake. Umaarufu wake mwingi ulitokana na kalamu za wengine. A New England, iliyofika nafasi ya 7 mwaka 1985, ni ya Billy Bragg, aliyemwongezea ubeti ili wimbo urefuke. Days ni ya kundi la Kinks. Fairytale of New York ya mwaka 1987, ambayo Waingereza hawapitishi Krismasi bila hiyo, ni ya kundi la Pogues. Mumewe, prodyuza Steve Lillywhite, alikwenda na utepe nyumbani MacColl ajaribu sehemu ya mwanamke, na jaribio lile likawashinda wote waliokuwa wakifikiriwa.

Lakini mimi namtafuta kwenye zake mwenyewe. Mwaka 1981 alitoa There's a Guy Works Down the Chip Shop Swears He's Elvis. Kijana wa duka la chipsi anaapa kwamba yeye ndiye Elvis. Mwimbaji anamgeukia mpenzi wake na kumwambia kwamba kijana yule ni mwongo, na wewe pia sina hakika nawe. Kijembe kitupu, na mpenzi wa taarabu angekielewa bila tafsiri. Juu ya maneno hayo makali MacColl anarundika sauti yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, hadi mtu mmoja anakuwa kwaya nzima.

Kwa nini basi hakuwa mkubwa zaidi? Jukwaa lilimtia hofu, na kwa miaka mingi alikaa studio akiwapambia wengine. Hata mpangilio wa nyimbo za The Joshua Tree, albamu ya kundi la U2, ni kazi yake: aliombwa azipange, akazipanga kwa kadiri alivyozipenda.

Alifariki tarehe 18 Desemba 2000 huko Cozumel, Mexico, baada ya kugongwa na boti ya kasi alipokuwa akizamia na wanawe. Alikuwa na miaka 41.

Ukiipata Galore, anza na wimbo wa kwanza, They Don't Know yake mwenyewe, kisha utafute ile ya Ullman. Ukifika kwenye neno lile la juu, tega sikio: sauti ni moja.