Nduthi yangu ina GPS mbili: moja naiona, ingine inaniona

Nduthi yangu ina GPS mbili. Moja ni simu, iko kwa usukani ndani ya holda. Ingine iko chini ya kiti, ndogo kama kiberiti, na sikuiweka mimi. Iliwekwa na fundi wa wale walionipa mkopo. Nikichelewa kulipa, wanajua nduthi iko wapi na wanaweza kuizima nikiwa nimelala.

Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Usiku napeleka chakula, mchana narekodi video. Siku moja nikajiuliza hii kitu ilitoka wapi, nikaanza kusoma. Nilichogundua ni kwamba tangu mwanzo kumekuwa na mtu anayeamua nani aone njia vizuri na nani aone ukungu.

Rudi Oktoba 1957. Umoja wa Kisovieti umerusha Sputnik, na Wamarekani wawili, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wanasikiliza mlio wake. Unajua vile honi ya matatu hubadilika sauti ikikupita? Mlio wa Sputnik ulibadilika hivyo hivyo, na kwa kupima hayo mabadiliko wakajua iko wapi angani. Mwaka uliofuata bosi wao, Frank McClure, akaligeuza swali: kama unajua setilaiti iko wapi, si unaweza kujua wewe uko wapi? Hapo ndipo Transit ilizaliwa, na kazi yake ilikuwa kuongoza nyambizi zenye makombora. Setilaiti ya kwanza ya GPS yenyewe ilirushwa 1978, bado chini ya jeshi.

Halafu tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea, safari 007, ikapotea njia ikaingia anga ya Kisovieti. Ilitunguliwa. Watu 269 wakafa. Siku chache baadaye serikali ya Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika, raia wa dunia nzima wataitumia bure.

Bure, lakini na ukungu. Jeshi lilibaki na mawimbi safi, sisi wengine tukapewa yaliyoharibiwa makusudi, yanayoweza kukosea kwa karibu mita 100. Mita 100 pale Pipeline ni ploti ingine kabisa, na chakula kimepoa. Ni Mei 2000 ndipo Rais Clinton aliamuru ukungu utolewe. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye, kwa hivyo sijawahi kuuonja.

Huku kwetu bodaboda walikuwa kazini kitambo. Walianza na baiskeli miaka ya 1960, wakivusha watu mpakani Busia. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na nduthi zikajaa kila steji. Ramani yao ilikuwa mdomo: "Ukifika kwa mti, uliza duka ya Mama Njeri." Hiyo ramani bado inaniokoa pin ya mteja ikianguka katikati ya mto.

Sasa kitu wengi hawajui: setilaiti haikuoni. Ziko kilomita 20,000 hivi juu, na zinachotangaza ni saa na mahali zilipo. Kifaa chako kinasikiliza angalau nne, kinapiga hesabu chenyewe. Ile ya chini ya kiti changu inanichoma kwa sababu ina laini ya simu ndani, na hiyo laini inaongea na mtu.

Ile ya usukani nayo nimeilipia masomo. Kwanza niliweka simu yangu nzuri. Baada ya miezi kadhaa kamera ikaanza kutetemeka, video zote ukungu, na kamera ndio unga wangu. Baadaye nikasoma kwamba Apple ilionya 2021: mtetemo wa injini kubwa ya pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Siku hizi naweka simu ya zamani ya bei ya chini. Kama una pesa, kuna GPS za pikipiki kabisa, kama Garmin zūmo, zinazovumilia mvua na kuguswa na glavu.

Pia nilikuwa nimefunga holda chini, karibu na tangi. Usiku mmoja Outering niliinamisha macho kutafuta kona, nikayainua nikamkuta mama na mtoto mgongoni mbele yangu. Breki ilishika. Sitasahau vile aliniangalia. Siku iliyofuata nikapandisha holda karibu na usawa wa macho, bila kuziba mita. Geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho uone kama waya unavutika. Mwambie fundi aweke fyuzi, na umeme upite kwa swichi, la sivyo asubuhi betri imekufa. Na washa sauti, sikio moja.

Kwa ile ingine, uliza kabla ya kusaini: nani anaona? Wanaweza kuzima injini nikiwa barabarani? Mkopo ukiisha, nani anaitoa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi. Mimi niliuliza nikiwa nimeshasaini, nikaambiwa nisome mkataba.

Nimebakisha miezi saba. Nikimaliza sitaitoa, juu wezi wa nduthi hawajaisha. Nitatoa laini yao tu, niweke yangu.