Trekta kuukuu linapochemsha: namna ya kutambua chanzo

Injini inapochemsha katikati ya msimu wa kulima, wenye matrekta wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huongeza maji na kuendelea na kazi, au humwita fundi aifungue injini. Njia ya kwanza yaweza kuua injini. Ya pili yaweza kugharimu fedha nyingi bila sababu.

Kuchemsha ni dalili tu. Kinachosaidia kutambua chanzo ni kujiuliza injini huchemsha wakati gani.

Chukua mfano wa Massey Ferguson 135, trekta dogo lililotengenezwa Uingereza kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 1975, na ambalo bado linaonekana katika mashamba ya Afrika Mashariki. Mengi ya matrekta hayo yana injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3. Pampu huzungusha maji ndani ya injini, themostati huyafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, na feni huvuta hewa ya kuyapoza.

Tahadhari kwanza

Geji ikipanda, ondoa mzigo na uiache injini iunguruме polepole kwa dakika chache. Lakini ikiwa maji yamemwagika au mkanda wa feni umekatika, izime mara moja.

Usifungue kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa; mvuke wake huunguza vibaya. Wala usimimine maji baridi kwenye injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Ikichemsha muda mfupi baada ya kuwashwa

Injini ikiwa baridi, tazama kiasi cha maji, kisha mkanda wa feni. Mkanda huo ndio unaozungusha pampu pia, hivyo ukilegea, maji na hewa hupungua kwa pamoja.

Ikiwa injini ina moto mkali ilhali mpira wa juu wa rejeta ungali baridi, shuku themostati. Itoe, uitumbukize katika sufuria ya maji na kuyachemsha. Isipofunguka, badilisha. Kuiondoa moja kwa moja si tiba, kwa sababu injini inayofanya kazi ikiwa baridi hulika upesi.

Ikichemsha inapovuta mzigo tu

Hapa hewa au maji hayapiti vya kutosha. Ondoa makapi, nyasi na vumbi kwenye rejeta, ukipuliza kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Baada ya kuzima injini, papasa uso wa rejeta kwa uangalifu. Sehemu zilizo baridi kuliko nyingine zaonyesha kuwa mirija imezibwa na kutu au chumvi. Chunguza pia kama jembe halikushushwa mno.

Maji yakipungua bila kuvuja nje

Hapo ndipo gasketi ya silinda hedi inapostahili kushukiwa. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta tangu injini ikiwa baridi, moshi mweupe usiokwisha, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Ukiona oili hiyo, usiiwashe tena injini kabla fundi hajaitazama.

Kifuniko na nyanda za juu

Kifuniko cha rejeta husahauliwa sana. Springi yake huyaweka maji chini ya shinikizo ili yachelewe kuchemka. Huko Eldoret, nchini Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Kifuniko kilichochoka huinyima injini kinga hiyo.

Hakikisha pia kuwa geji yenyewe haidanganyi, kwa kulinganisha na kipimajoto kingine.

Kinga

Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya injini. Maji ya mvua yaliyochujwa, yakichanganywa na dawa ya kuzuia kutu, ni bora zaidi.

Anza na kisicho na gharama: maji, makapi, mkanda na kifuniko. Injini ifunguliwe baada ya hayo yote kuthibitishwa kuwa mazima.