Injini ya petroli ya Peugeot 504: Uimara wake na maradhi yanayoiua

PEUGEOT 504 ya mwisho iliundwa nchini Kenya mwaka wa 2004, lakini gari hilo halijatoweka barabarani. Pikapu zake zingali zinabeba maziwa, nyasi na mbao mashambani, na wapenzi wa magari ya kale wanazidi kuzitafuta zile za saluni. Swali linalowakabili wanunuzi ni lile lile kila mara: je, injini yake ya petroli ingali na maisha, au ni mzigo?

Jibu hutegemea zaidi jinsi injini ilivyotunzwa maji yake kuliko kilomita ilizosafiri. Nyingi ya injini hizi zilizoishia kwenye vyuma chakavu hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na joto.

Gari la 504 lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968 na mwaka uliofuata likatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Saluni iliendelea kuundwa huko hadi mwaka wa 1983. Barani Afrika maisha yake yalikuwa marefu zaidi, hasa Kenya na Nigeria, ambako viwanda vya kuunganisha magari viliendelea kuitoa hata baada ya Wafaransa wenyewe kuisahau. Nchini Kenya, ile ya muundo wa steshenwagoni yenye safu tatu za viti ilikuwa gari la abiria lililotegemewa katika safari za mbali kabla ya Nissan kutwaa njia hizo.

Injini ya kwanza ya 504 ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,796 za ujazo. Upana wa kila silinda ulikuwa milimita 84 na mwendo wa pistoni milimita 81. Mwaka wa 1970 ilikuja injini inayojulikana kwa jina XN1, ambayo silinda zake zilipanuliwa hadi milimita 88 huku mwendo wa pistoni ukiachwa vile vile. Ujazo ukafika sentimita 1,971, na hii ndiyo ambayo wengi huiita "two-litre". Ndiyo iliyokuja pia kutumiwa katika Peugeot 505, jambo linalorahisisha utafutaji wa vipuri hadi leo.

XN1 yenye kabureta hutoa nguvu za farasi kati ya 93 na 96, kutegemea mwaka na toleo. Injini ndogo ya XM7, iliyowekwa katika matoleo ya bei nafuu, hutoa takriban 80. Kuna na toleo la XN2, ambalo petroli yake hupulizwa kwa pampu badala ya kuvutwa na kabureta, na ambalo lina nguvu za farasi zipatazo 104. Gari la 504 lenye mfumo huo wa kupuliza ndilo lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1975. Ushindi wa Jean-Pierre Nicolas mwaka wa 1978, ambao mara nyingi huhesabiwa pamoja na huo, ulipatikana kwa injini tofauti kabisa ya silinda sita.

Takwimu hizo za nguvu zilipimwa karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na taboi hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila inapopanda mita 1,000, hivyo XN1 inayotoa farasi 96 mjini Mombasa haiwezi kupita sana 80 ikifika Nairobi. Hewa ikiwa nyepesi, kabureta nayo hutoa petroli nyingi kupita kiasi. Gari lililorekebishwa Pwani likipelekwa Eldoret litatoa moshi mweusi na kunywa mafuta, na mwenyewe atadhani injini imechoka ilhali ni kabureta tu inayohitaji kurekebishwa.

Kwa muundo, injini hii ni ya kizamani kwa namna inayompendeza fundi. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini. Kemshafti imo ndani ya bloku, huzungushwa na cheni na kusukuma valvu kwa fito na roka. Hakuna mkanda wa taiming wa kukatika ghafla na kupinda valvu. Kranki imeshikwa na beringi kuu tano, na injini nzima imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini.

Lakini siri ya injini hii ni slivu zake, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika magari mengi, tundu la silinda huchongwa ndani ya bloku yenyewe. Katika 504, slivu hutumbukizwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Zikilika, hung'olewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni zake, bila kuipeleka bloku kwa mashine ya kuchonga. Fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuirudishia injini ujana wake chini ya mwembe. Hiyo ndiyo sababu moja kuu ya gari hili kudumu mahali ambapo karakana kubwa ziko mbali.

Muundo huo huo ndio udhaifu wake. Kila slivu hukaa juu ya kizibo chembamba kinachotenganisha maji na oili iliyo chini, na ukingo wake wa juu lazima utokeze kidogo sana kuupita uso wa bloku ili hedi iubane barabara. Kizibo kikiharibika, au slivu ikikaa chini kuliko inavyopaswa, maji hupenya hadi kwenye sampu. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Injini ikiendeshwa katika hali hiyo, beringi za kranki huliwa kwa muda mfupi mno.

Mara nyingi kosa hufanywa karakanani. Hedi ikishafunguliwa, hakuna kinachozishikilia slivu. Fundi asiyeijua injini hii huzungusha kranki ili kutazama pistoni, slivu zikanyanyuka, na vizibo vya chini vikavunjika bila yeye kujua. Anabadilisha gasketi ya hedi, anafunga, na siku chache baadaye gari linarudi na maji ndani ya oili. Mwenye gari hulipishwa mara mbili na kuambiwa kwamba Peugeot ni mbovu. Anayeijua kazi huzibana slivu kwa boliti na washa kabla ya kugusa kitu kingine, kisha huipima hedi kwa rula iliyonyooka, kwa kuwa alumini iliyopata joto kali hupinda. Aidha, boliti za hedi hukazwa upya baada ya safari za kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa. Hatua hiyo hurukwa na wengi.

Chanzo cha joto lenyewe mara nyingi ni kidogo na cha bei rahisi. Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika pale tu maji yanapofikia kiwango fulani cha joto, mpango ambao Peugeot iliutumia kabla ya magari mengi kuwa na feni za umeme. Umeme huifikia sumaku hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni, ambacho huisha kwa kusuguliwa. Kikiisha, feni huacha kushika. Kwenye barabara kuu dereva hatatambua lolote, maana upepo unatosha. Ataambuliwa taabu kwenye msongamano wa mjini au anapopanda mwinuko polepole nyuma ya lori. Baadhi ya mafundi huifunga feni izunguke daima. Hilo huongeza kelele na ulaji wa petroli, ingawa ni afadhali kuliko hedi iliyopinda.

Kuondoa thamostati, desturi iliyoenea sana, hakusaidii. Injini huchelewa kupata joto lake, hutumia petroli zaidi, na slivu huliwa upesi. Maji matupu ya mfereji au ya kisima nayo huacha magadi na kutu, ambavyo hujikusanya chini ya bloku, kuzunguka slivu, na kuila alumini ya hedi. Dawa ya rejeta si anasa katika injini hii.

Matatizo mengine ni madogo. Kabureta iliyotumika miaka mingi hulegea kwenye mhimili wa kipepeo chake, ikavuta hewa pembeni na injini ikakosa utulivu gari likisimama. Kelele za valvu kwa kawaida huisha zikirekebishwa nafasi zake, milimita 0.10 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, ila silinda nambari moja huhesabiwa kutoka upande wa klachi, si upande wa rejeta. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani hupoteza nusu siku hapo.

Kuhusu petroli, Kenya iliacha ile yenye risasi kati ya mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, na kulikuwa na hofu kwamba injini za zamani zingeharibika valvu. Hedi ya 504, kwa kuwa ni ya alumini, ina viti vya valvu vilivyopachikwa, na hustahimili mabadiliko hayo vizuri kuliko hedi za chuma ambazo viti vyake vilichongwa humo humo.

Mnunuzi anapaswa kulikuta gari likiwa baridi. Kwanza achomoe kijiti cha oili na kutazama rangi, kisha afungue kifuniko cha rejeta atafute mafuta yanayoelea. Baada ya hapo injini iwashwe na kuachwa papo hapo hadi feni ishike yenyewe. Ikikataa, bei ijadiliwe upya. Mwisho, nambari iliyo kwenye bloku ilinganishwe na ile iliyo katika cheti cha umiliki, kwa sababu wako waliong'oa injini hii na kuweka nyingine bila kuandikisha mabadiliko hayo, na usumbufu wa kurekebisha rekodi humwangukia yule atakayenunua.