Dawa ya miezi sita: takwimu za kifua kikuu na wagonjwa wetu wasiotajwa



Mimi kazi yangu ni takwimu za afya, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasomesha wanafunzi wa udaktari hapa Uingereza. Vitabu vya somo hili vina hadithi moja ambayo haikosekani: mwaka 1948, streptomaisini, Austin Bradford Hill, na jaribio la kwanza la dawa lililogawa wagonjwa kwa kura. Baada ya hapo kitabu kinaruka moja kwa moja mpaka dawa za moyo na saratani, Marekani na Ulaya. Katikati pale pameachwa shimo, na ndani ya shimo hilo wamo watu wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo nataka kulijaza kidogo.

Tuanze na huyo Hill mwenyewe. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alirudishwa kwao akiwa na kifua kikuu. Alitaka kuwa daktari kama baba yake, ugonjwa ukamzuia, basi akasoma uchumi kwa njia ya posta akiwa kitandani, na kutoka kwenye uchumi akaingia kwenye takwimu. Kwa hiyo mtu aliyepanga jaribio la dawa ya kifua kikuu alikuwa anakijua kifua kikuu kwa mapafu yake mwenyewe.

Uingereza baada ya vita vya pili haikuwa na dola, na streptomaisini ilikuwa ikitoka Marekani. Iliyopatikana ilikuwa kidogo, haitoshi wagonjwa wote. Hill na wenzake wakasema: ikiwa haitoshi, basi kugawa kwa kura si dhulma, na ndiyo njia pekee ya kujua ukweli. Bahasha zikafungwa, kila moja ina jibu ndani: huyu apate dawa, yule apumzike kitandani tu. Daktari hakuweza kumchagulia mgonjwa anayempenda au anayemwona ana nguvu. Wagonjwa walikuwa 107. Waliopata dawa walikuwa 55, waliopumzishwa 52. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Picha za eksirei zilisomwa na madaktari wasiojua ipi ni ya nani. Na jambo ambalo vitabu hulipita haraka: wale 52 hawakuambiwa kwamba wamo kwenye jaribio.

Hapo hadithi husimama, makofi yakapigwa. Lakini wagonjwa walifuatwa mpaka miaka mitano, na hesabu ikawa nyingine kabisa: waliokufa katika wale 55 walikuwa wameshafika 32, na katika wale 52 walikuwa 35. Tofauti ile kubwa ya mwanzo ikawa imeyeyuka. Sababu ni kwamba vijidudu vilijifunza kuishi na dawa. Dawa moja peke yake inazaa usugu. Ndiyo maana baadaye ikaongezwa PAS, kisha mwaka 1952 ikaja isoniazidi, na kanuni ikawa kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja.

Niseme jambo kidogo kuhusu zile eksirei, maana wenzetu wa hisabati watanishika shati. Waliosoma zile picha walitakiwa kusema mgonjwa ana nafuu kubwa, nafuu kiasi, hajabadilika, au amezidi. Mpaka uko wapi kati ya nafuu kubwa na nafuu kiasi? Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekulia Tehran na kufundisha Berkeley, aliandika kuhusu seti ambazo kitu kinaweza kuwa ndani yake kwa kiasi fulani, si ndani au nje tu, kama vile ukungu usio na ukingo. Miaka mitatu baadaye, 1968, C. L. Chang akaijengea topolojia juu yake. Wako waliojaribu kuipeleka fikra hiyo hospitalini, Vienna kwa mfano, kuisaidia kompyuta kutambua maradhi. Ni hisabati nzuri. Lakini watu wa kifua kikuu walichagua njia nyingine, na kwa maoni yangu walichagua vizuri: badala ya kubishana juu ya kivuli kwenye picha, wakayaangalia makohozi. Ukiyaotesha maabara, vijidudu vinaota au haviotí. Hapo ukungu unapungua sana.

Sasa tuje kwetu. Miaka ya 1950 matibabu yaliyojulikana yalikuwa mazuri kwa nchi tajiri tu. PAS ilikuwa chungu, inachafua tumbo, mgonjwa anatakiwa ameze takriban gramu 10 kila siku kwa mwaka na zaidi, na bei yake haishikiki. Nani Kisumu au Tabora angemeza hiyo mwaka mzima? Madras, India, walikuwa wameshaonyesha mwaka 1959, chini ya Wallace Fox, kwamba mgonjwa anayetibiwa nyumbani kwake anapona karibu sawa na aliyelazwa sanatoria, na watu wa nyumbani mwake hawapati hatari zaidi. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana sanatoria ni za nchi zenye fedha. Lakini swali la dawa rahisi lilibaki.

Swali hilo lilijibiwa Afrika Mashariki. Palikuwa na kituo cha uchunguzi wa kifua kikuu Nairobi kilichohudumia nchi zote tatu, na kikashirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Wakaichukua thiasetazoni, dawa iliyotoka kwa Wajerumani wa Gerhard Domagk miaka ya 1940, ambayo Ulaya walikuwa wameshaanza kuikimbia kwa ajili ya madhara yake. Ilikuwa rahisi mno. Wakaijaribu kwa vipimo mbalimbali pamoja na isoniazidi, jaribio baada ya jaribio, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kupita miaka ya 1960, mpaka wakafika kwenye kidonge kimoja kwa siku: miligramu 150 za thiasetazoni na 300 za isoniazidi. Kidonge hicho kilizunguka nchi nyingi maskini za dunia kwa miaka thelathini. Nani anakumbuka kwamba kipimo chake kilipatikana kwa miili ya wagonjwa wa hospitali zetu?

Lakini hata kidonge hicho kilitaka mwaka mzima, mara nyingi miezi 18. Na kila aliyewahi kuuguza mtu nyumbani anajua kinachotokea: mwezi wa tatu kikohozi kimekata, mwili umerudi, shamba linangoja, dawa inaachwa. Daktari anamwita mgonjwa mkaidi, lakini mimi naona mgonjwa anapiga hesabu zake tu, nauli na siku za kazi.

Mwaka 1970 likaanza jaribio ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kupita yote, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972. Walilipanga Fox, aliyekuwa sasa London, pamoja na Denis Mitchison wa maabara ya Hammersmith na madaktari wa Afrika Mashariki. (Mitchison huyu, kwa wapendao nasaba, mama yake ni Naomi Mitchison mwandishi, na mjomba wake ni J. B. S. Haldane. Alifariki mwaka 2018.) Swali lilikuwa la kijasiri: je, miezi sita inatosha? Wataalamu wengi wa wakati ule wangecheka.

Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Wote wa miezi sita walipata streptomaisini na isoniazidi. Kundi moja likabaki na hizo mbili tu. La pili likaongezewa thiasetazoni. La tatu pirazinamidi. La nne rifampisini, dawa mpya iliyokuwa ghali kama dhahabu. Kundi la tano lilikuwa la kulinganishia, likatibiwa miezi 18 kwa utaratibu wa kawaida. Sindano kila siku kwa miezi sita si mchezo, ndugu zangu.

Miezi sita ilipokwisha, makohozi yalikuwa safi karibu kwa wote, kundi lolote lile. Na hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Lau watafiti wangefunga madaftari siku ile, wangesema dawa zote ni sawa, chukueni iliyo rahisi. Hawakufunga. Dawa ikasimamishwa, na wagonjwa wakaendelea kufuatwa, mwezi baada ya mwezi, watoe makohozi ingawa hawakohoi na hawaumwi. Ndipo ukweli ukatoka. Waliopata zile mbili tu walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 29, yaani karibu watatu katika kila kumi. Walioongezewa thiasetazoni, asilimia 22. Pirazinamidi ilishusha mpaka 8. Rifampisini ikashusha mpaka 3, sawasawa na wale wa miezi 18.

Maana yake nini? Kwamba kuna vijidudu vinavyokua na kugawanyika, hivyo isoniazidi inaviua upesi, na kuna vingine vimelala, havili wala havizai, vinangoja. Kukohoa kunasimama wakikufa wa kwanza. Kupona ni kuwapata hao waliolala. Pirazinamidi na rifampisini zinawapata. Majaribio ya panya kule Marekani na Ufaransa yalikuwa yameshadokeza hivyo, lakini panya si mtu.

Fikirini ile kazi ya kuwafuata watu. Hakuna simu ya mkononi, anwani ni jina la kijiji na la mwenyekiti au chifu, mtu amehamia kwa shemeji yake au amekwenda kuvuna kahawa. Takwimu ile ya asilimia 3 ingekuwa upuuzi kama robo ya wagonjwa wangepotea. Kuna mtu alipanda basi na baiskeli akawatafuta. Kuna wagonjwa waliokubali kurudi, wazima kabisa, kwa sababu waliombwa. Ripoti zilitoka kwa jina la mabaraza mawili, la Afrika Mashariki na la Uingereza. Ukienda mbele kuzisoma unaona vichwa vya makala vinabadilika: Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, pakaanza kuandikwa Kenya na Uingereza peke yake, Tanzania na Uingereza peke yake. Historia ya siasa yetu imo mpaka kwenye vichwa vya makala za kifua kikuu.

Sitaki kusikika kama nawalaumu wakina Fox. Kwa wakati wao walikuwa waungwana kuliko wengi, na walilifanyia kazi swali ambalo maskini ndiye alikuwa na haja nalo. Ninalolilalamikia ni jingine. Ushahidi ulipatikana kwetu, dawa ikaenda kwingine kwanza. Ulaya na Marekani zilihamia kwenye tiba fupi yenye rifampisini ndani ya miaka ya 1970. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ikisaidiwa na Karel Styblo, Mcheki aliyeugua kifua kikuu mwenyewe katika kambi ya mateso ya Manazi ya Mauthausen. Hata huo mpango ulianza na matibabu marefu ya zamani. Rifampisini iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena kwa miezi miwili ya kwanza tu, halafu mgonjwa anaendelea na kile kidonge cha thiasetazoni kwa miezi sita. Karibu miaka kumi tangu jibu lipatikane! Na sababu ni bei tu.

Huo mpango wa Tanzania nao ukawa somo la dunia: msimamizi wa wilaya, daftari moja, kila mgonjwa anaandikwa anavyoanza na anavyomaliza, na mtu anamwangalia akimeza. Shirika la Afya Duniani liliuchukua miaka ya 1990 na kuuita DOTS, na wengi wanaoutaja hawajui kwamba daftari lake lilijaribiwa katika wilaya za Tanzania.

Kile kidonge kilikuja kutugeuka. Ukimwi ulipoingia, Nairobi wakaanza kuona wagonjwa wenye virusi wakibambuka ngozi baada ya kukimeza. Mwaka 1991 ikachapishwa hesabu: mmoja katika kila watano wenye virusi alipata madhara ya ngozi, na wengine walikufa. Thiasetazoni ikaachwa, na hapo tena takwimu zilitoka kwetu.

Tiba ya miezi sita ilisimama bila mpinzani kwa miongo minne. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio kubwa la kuipunguza hadi miezi minne, Tanzania, Kenya na Zambia zikiwemo, na likashindwa: waliorudiwa walikuwa wengi zaidi. Mwaka 2021 likachapishwa jingine, nchi 13, wagonjwa zaidi ya 2,500, Kenya na Uganda ndani yake, kwa rifapentini na moksifloksasini pamoja na isoniazidi na pirazinamidi. Hili lilifaulu, miezi minne ikalingana na sita, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika miongozo yake. Kundi la kulinganishia katika majaribio yote mawili lilikuwa ni ile tiba ya miezi sita. Rifapentini ni ghali kuliko rifampisini, na hospitali nyingi za wilaya kwetu bado zinatoa ile ya sita.